Gesi ya samadi kwenye bodaboda: pima kinyesi kwanza, hela baadaye

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na habari za kulisha ndama. Ndama watatusubiri wiki moja. Leo kuna fedha za watu zinataka kutoka mfukoni, na zikishatoka, kuzirudisha itakuwa kazi.

Kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika kata ninayohudumia, huku mteremkoni Meru, kina akiba ya shilingi milioni 6 na laki 4. Ni fedha ya miaka mitatu, wamekatana kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Mwezi uliopita walitembelewa na vijana wawili waliokuja na kompyuta na video. Kwenye video mtu anaunganisha bomba la mtambo wake wa bayogesi na kompresa ya friji, anajaza mtungi wa gesi ya kupikia, anaufunga mtungi nyuma ya kiti cha pikipiki, anapiga kiki, pikipiki inaunguruma. Watu wakapiga makofi. Kisha wakaambiwa kwamba kikundi kikitoa milioni 5 kitafungiwa kituo cha kujaza gesi ya samadi, na bodaboda wote wa kata watakuwa wateja wake.

Mwenyekiti akanipigia simu. "Bwana shamba, njoo utuangalizie, tunataka kulipa awamu ya kwanza Alhamisi."

Nilikwenda, nikasema msilipe. Sababu nilizitoa haraka haraka, jua likiwa linazama na watu wanataka kwenda kukamua, kwa hiyo nadhani sikueleweka. Kuna mzee mmoja mpaka leo akiniona anageuka kutazama migomba. Namheshimu sana mzee yule, na ndiyo maana naandika hapa kwa utulivu yale niliyopaswa kuyasema siku ile.

Msimamo wangu ni huu. Gesi inayotokana na taka inaweza kuendesha gari. Hilo si uongo, na kuna miji inaishi nalo. Lakini kazi hiyo inataka taka za tani nyingi zilizokwisha kukusanywa mahali pamoja. Gesi ya ng'ombe wako wawili watatu ina kazi nyingine zilizo bora zaidi, jikoni na kwenye mashine iliyosimama mahali pake. Mtu anayekuomba fedha ili gesi hiyo iingie kwenye pikipiki, ama hajapiga hesabu, ama amepiga na hakuonyeshi.

Gesi tatu tunazozichanganya

Pale mkutanoni niligundua tunatumia neno "gesi" kwa vitu vitatu tofauti, na hapo ndipo wauzaji wanapopata mlango.

Ya kwanza ni gesi ya kupikia, ile ya mtungi wa kilo 6 au 15 unaonunua dukani. Ile inatokana na mafuta ya petroli na ina tabia moja muhimu: ukiigandamiza kidogo tu inageuka kuwa kimiminika. Ukitikisa mtungi unasikia maji maji ndani. Ndiyo maana kilo 15 zinaenea kwenye mtungi ambao mama anaweza kuuvingirisha hadi jikoni.

Ya pili ni gesi asilia, ile inayochimbwa Songosongo kule Kilwa na Mnazi Bay kule Mtwara, inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hii ndiyo inayoendesha bajaji na teksi za Dar zilizofungwa mfumo wa gesi. Karibu yote ni methani.

Ya tatu ni bayogesi yetu, inayotoka kwenye samadi au taka zinazooza mahali pasipo na hewa. Nayo ina methani ile ile, lakini kwa kiasi cha asilimia 50 hadi 70. Sehemu kubwa iliyobaki ni hewa ukaa, ambayo haiwaki kabisa, pamoja na mvuke wa maji na kiasi kidogo cha gesi yenye harufu ya yai viza. Hiyo ya yai viza ikumbuke, nitairudia.

Sasa, methani haina tabia ya gesi ya kupikia. Kwa joto la huku kwetu, hata uigandamize vipi haigeuki kimiminika. Ili iwe kimiminika inabidi uipoze hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri, na hakuna friji ya kijiji inayofika huko. Kwa hiyo wanaotumia methani kwenye magari wanaishindilia ikiwa bado gesi, kwa mgandamizo wa 200 hadi 250 (kipimo chake kinaitwa baa). Tairi la gari dogo lina baa 2 na kidogo. Yaani mgandamizo wa mtungi wa bajaji ya Dar unakaribia mara 100 ya upepo wa tairi. Mitungi yake ni minene, mizito, imetengenezwa kwa kazi hiyo tu na hupimwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Mtambo wako wa nyumbani, ule wa kuba la matofali, mgandamizo wake ni sehemu ndogo tu ya baa moja. Hauwezi kujaza hata baiskeli.

Hebu tupime

Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani akila vizuri hutoa kama kilo 20 za kinyesi kwa siku. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa kama lita 35 za bayogesi, mtambo ukiwa unafanya kazi vizuri. Ng'ombe wawili basi ni kilo 40, ni lita 1,400 za gesi, au tuseme mita ya ujazo 1.4. Ndani yake methani ni kama asilimia 60, sawa na mita ya ujazo 0.8.

Mita ya ujazo moja ya methani ina nguvu ya lita moja ya petroli, ikizidi kidogo. Kwa hiyo ng'ombe wawili wanakupa kitu kinacholingana na lita 0.8 za petroli kwa siku.

Si haba, nakubali. Tatizo ni kwamba lita 0.8 za petroli zinaingia kwenye chupa ya maji, na hizo lita 1,400 za bayogesi zinajaza mapipa saba makubwa ya lita 200. Ukitaka bayogesi inayolingana na tangi la petroli la lita 10, unahitaji karibu mita za ujazo 17. Hicho ni chumba cha kulala cha futi tisa kwa tisa, kimejaa gesi kutoka sakafuni karibu na dari. Ukifunge wapi hicho kwenye bodaboda?

Turudi sasa kwenye video ya wale vijana. Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 15 una nafasi ndani yake ya kama lita 36. Tuseme kompresa ya friji imejitahidi ikafikisha baa 10. Lita 36 mara 10 ni lita 360 za bayogesi. Methani iliyomo ni kama lita 216. Nguvu yake haifiki robo lita ya petroli. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakwenda kilomita 9 hivi, imebeba mtungi wa chuma mgongoni badala ya abiria. Kutoka ofisi ya kata hadi barabara kuu ni kilomita 11. Pikipiki ile itazimika pale kwenye daraja, na dereva atausukuma mzigo wake wote kurudi kwa ng'ombe.

Ndiyo maana video haikuonyesha safari. Ilionyesha pikipiki ikiunguruma imesimama.

Kuna anayeuliza, mbona India wametengeneza pikipiki ya gesi? Ni kweli, Julai 2024 kampuni ya Bajaj ilitoa pikipiki ya cc 125 inayotumia gesi iliyogandamizwa, ya kwanza duniani kuuzwa hivyo. Ina mtungi wa kilo 2 za gesi chini ya kiti, na bado wameiwekea tangi la petroli la lita 2 kwa sababu wanajua gesi itaishia njiani. Watengenezaji wanasema kilo hizo 2 zinaipeleka kama kilomita 200. Lakini zitafute kilo 2 za methani kwenye banda lako. Ni karibu mita za ujazo 2.9 za methani safi, yaani mita 4.8 za bayogesi, yaani kilo 136 za kinyesi, yaani ng'ombe saba. Na samadi huingia mtamboni na maji kiasi sawa, kwa hiyo jiandae na ndoo saba za lita 20 kila siku. Kiangazi cha huku kwetu mnakijua.

Kikundi chetu kina ng'ombe 38 katika nyumba 21. Nilikaa nikapiga hesabu ya wote, nisije nikaonekana nina kinyongo. Ng'ombe wote 38 wakitoa kilo 20 kila mmoja, na kila kilo ikaingia mtamboni, na kila jiko la kikundi likanyimwa gesi, inapatikana methani kama kilo 11 kwa siku. Bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku anahitaji kilo 1. Kwa hiyo kwenye karatasi ni bodaboda 11, kama wana pikipiki za namna ile ya India. Hiyo si hesabu ya kuchekesha. Ila ng'ombe hao wamesambaa kwenye nyumba 21, juu na chini ya korongo mbili. Ama ubebe kilo 760 za samadi kila asubuhi uzipeleke mahali pamoja na tope lake ulirudishe, ama uweke kompresa kila nyumba. Samadi mbichi sehemu yake kubwa, kama kilo 8 katika kila 10, ni maji. Utakuwa unalipa mkokoteni kubeba maji.

Hesabu ambayo vijana walipatia

Nisiwaonee. Kuna hesabu moja waliyotoa ambayo ni sahihi, na ndiyo iliyowavuta watu. Walisema gesi hiyo mnayoichomea ugali ni mali zaidi ikiingia kwenye injini. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, lita 0.8 ni shilingi 2,400 kwa siku. Mkaa ambao gesi hiyo ingeokoa jikoni ni kama kilo 2, na kwa bei ya kijijini hizo hazifiki 2,400. Kwa hiyo ukiangalia haraka, pikipiki inashinda jiko.

Lakini endelea kutoa. Kabla gesi haijaingia kwenye mtungi wa kweli wa baa 200, lazima uisafishe hewa ukaa, vinginevyo karibu nusu ya mtungi wako umebeba kitu kisichowaka. Lazima uondoe maji na ile gesi ya yai viza. Lazima uigandamize kwa kompresa ya hatua kadhaa, si ya friji wala ya kuzibia pancha, na kompresa hiyo inakula umeme kila saa. Mitungi inunuliwe. Pikipiki ibadilishwe mfumo. Fundi anayejua mambo hayo atoke mjini. Na jioni, jikoni, mama anarudi kwenye kuni au anatoa hela kununua mkaa ule ule kilo 2.

Hapo ndipo nilipozidi kukereka, na nadhani sikulisema vizuri pale mkutanoni. Mitambo ile ilijengwa ili moshi utoke jikoni. Wengi mlijengewa na mafundi waliopitia mafunzo ya CAMARTEC pale Arusha, na mnakumbuka nani walikuwa wanachota maji ya kuukoroga mtambo ulipokuwa mpya. Akina mama. Katika mkutano wa watu 30 na ushee niliona wanawake 12, na hakuna aliyeulizwa gesi ikipanda pikipiki yeye atapikia nini. Mama mmoja alinifuata baada ya mkutano, akaniambia taratibu, "Bwana shamba, mimi hiyo video sikuipigia makofi."

Hatari, nisiifiche

Kujaza bayogesi kwenye mtungi wa gesi ya kupikia kwa kompresa ya friji ni kucheza na uhai. Kompresa ile inavuta. Gesi ya mtambo ikipungua, inavuta hewa kupitia kila tundu dogo la bomba. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15, cheche moja inatosha, na sasa mchanganyiko huo uko ndani ya chuma chenye mgandamizo. Halafu gesi ya yai viza ikikutana na unyevu inakula chuma kutoka ndani, mahali usipopaona. Mtungi unaweza kung'aa rangi nje na ndani umeliwa.

Zaidi ya hayo, mtungi ule si wako wa kufanyia majaribio, ni wa kampuni iliyoujaza, na baadaye utarudi kwenye mzunguko ukaingia jikoni kwa mtu asiyejua lolote. Na biashara ya kujaza na kuuza gesi inahitaji leseni ya EWURA. Kikundi kikikamatwa, hao vijana wawili hawatakuwepo.

Mahali ambapo inafanya kazi

Sitaki mtoke hapa mkidhani jambo lenyewe ni hadithi. Mji wa Indore, katika jimbo la Madhya Pradesh kule India, Februari 2022 ulizindua mtambo uliojengwa kupokea tani 550 za taka zinazooza kila siku na kutoa kama kilo 17,000 za gesi ya magari, ambayo huendesha mabasi ya mji. Linganisha na kilo zetu 11.

Angalia pia kwamba kila tani ya taka za Indore inatoa kama kilo 30 za gesi. Tani ya samadi yetu itatoa kama nusu ya hapo. Si ajabu. Maganda ya ndizi na wali uliolala bado vina nguvu yake yote, lakini samadi imeshapita tumboni kwa ng'ombe na ng'ombe amechukua fungu lake akatengenezea maziwa.

Na Indore hawakuanza na kompresa. Walianza na ndoo. Walifundisha kila nyumba kutenga taka zinazooza na plastiki na chupa, miaka kadhaa kabla ya mtambo. Taka zikija zimechanganyika na mifuko na vioo, mtambo unaziba, gesi haitoki. Kule Uswidi, mji wa Linköping umeendesha mabasi kwa gesi ya namna hii tangu miaka ya 1990, ukianza na mabaki ya machinjio na samadi, na wakulima wa jirani huchukua tope lake kama mbolea. Katika miji yote miwili taka zinakutana mahali pamoja kila siku iwe mvua iwe jua, na mabasi nayo hulala kwenye yadi moja, kwa hiyo kompresa moja kubwa inawahudumia wote.

Hapa nchini mahali pa namna hiyo papo. Katika mkonge, nyuzi tunazouza hazizidi asilimia 5 ya jani. Lililobaki ni taka, na shamba la Hale, Korogwe, lilijengewa mtambo wa bayogesi wa kutumia taka hizo kuzalisha umeme. Machinjio ya miji mikubwa yanamwaga damu na uchafu wa matumbo kila asubuhi. Masoko ya Dar yanatupa nyanya na mapapai kwa malori, katika jiji lile lile ambalo bajaji zimepanga foleni kwenye vituo vya gesi. Maoni yangu kama mtumishi mdogo wa kata ni kwamba Serikali na halmashauri za miji ikitaka kuweka fedha kwenye gesi ya taka kwa ajili ya magari, iweke pale, ambako pampu zipo, magari yapo na taka zinanuka tayari. Isiletwe kwa mwenye ng'ombe wawili kwa jina la mradi wa majaribio. Tumejaribiwa vya kutosha.

Kwenu wafanyabiashara wa mboga na matunda, hili linawahusu zaidi kuliko mfugaji. Siku mtambo wa namna hiyo ukijengwa mjini, taka safi zilizotengwa zitakuwa na mnunuzi, na zilizochanganyika na mifuko zitaendelea kwenda dampo kwa gharama ya soko. Kutenga hakuhitaji mkopo, ni pipa la pili tu. Na hata mtambo usipojengwa, wafuga nguruwe watawafuata.

Kama unataka injini, anza na iliyosimama

Mzee anayenikasirikia aliuliza swali zuri pale mkutanoni: "Sasa gesi ikinizidi, niiachie ipae?" Hapana, mzee wangu. Usiiachie kabisa, methani ikipaa bila kuchomwa inaongeza joto la dunia kuliko moshi wake. Itumie kwenye injini isiyotembea. Injini iliyosimama haihitaji mtungi wala baa 200, bomba linatoka mtamboni moja kwa moja hadi kwenye mashine.

Nguvu ya farasi moja kwa saa moja inakula kama nusu mita ya ujazo ya bayogesi. Mashine ndogo ya kukatakata majani ya farasi 3 ukiiwasha nusu saa kwa siku itatumia kama mita 0.75. Huyo ni ng'ombe mmoja wa ziada baada ya kutosheleza jiko. Mwenye ng'ombe wanne anaiweza bila shida. Jenereta ndogo ya petroli inakubali bayogesi kwa marekebisho machache kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli haiwaki kwa bayogesi peke yake kwa sababu haina plagi ya cheche. Inahitaji dizeli kidogo ya kuwashia, lakini ikifungwa vizuri gesi inaweza kuchukua theluthi mbili ya kazi au zaidi. Mashine ya kusaga ya farasi 15 ni habari nyingine. Hiyo inameza kama mita 7.5 kwa saa, ni karibu ng'ombe kumi na mmoja kwa kila saa ya kusaga. Mwenye mashine ya kusaga asiye na zizi kubwa aendelee na umeme.

Ila tafadhali, ile gesi ya yai viza. Mwaka 2016 mimi na shemeji yangu tulifunga jenereta yake kwenye mtambo wake kwa furaha kubwa, tukaona mambo ya chujio ni ya wazungu. Taa ziliwaka miezi minne. Mwezi wa tano oili ilikuwa nyeusi kama lami, ina harufu, na fundi alipofungua akatuonyesha valvu na bushi zilivyoliwa. Gharama ya kutengeneza ilizidi bei ya jenereta nyingine iliyotumika. Shemeji alininunulia soda, akanyamaza, nami nikajua.

Chujio lenyewe ni rahisi hadi inatia aibu. Chukua bomba nene la plastiki la urefu wa mita moja, lijaze vinyweleo vya chuma vyenye kutu kutoka karakana ya kuchonga vyuma, au steeliwaya ya kusugulia sufuria uliyoiacha ishike kutu. Gesi ipite humo kabla ya injini. Kutu inaikamata ile gesi mbaya, chuma kinageuka cheusi. Kikiwa cheusi chote, kitoe ukianike nje hewani kishike kutu tena. Kinapokutana na hewa kinapata joto kali, kwa hiyo kianike juu ya udongo mtupu, mbali na majani makavu na watoto. Weka pia kitego cha maji mahali bomba linapoinama chini zaidi. Oili badilisha mapema kuliko kawaida.

Na kama siku moja atakuja mtu anataka kununua samadi yenu kwa ajili ya mtambo mkubwa, msiuze kilo kwa kilo mkafurahia hela ya papo hapo. Mtambo unachukua gesi tu. Mbolea yote, naitrojeni na nyinginezo, inabaki kwenye tope. Andikeni kwenye mkataba kwamba tope linarudi, na nani analipa gari la kulirudisha. Nimeona migomba ya mtu aliyeuza samadi misimu miwili mfululizo. Alinunua mbolea ya dukani msimu wa tatu kwa hela nyingi kuliko aliyouzia.

Kuhusu kikundi, malipo ya Alhamisi ile yaliahirishwa. Tulikubaliana kwamba kila nyumba ipime kinyesi kwa siku saba, asubuhi na jioni, iandike kwenye daftari, na vijana wale wakirudi walete hesabu yao tulinganishe. Mizani ni ile yangu ya kupimia ndama, inazunguka nyumba kwa nyumba. Mpaka leo imepita nyumba tisa, na wengi hawafiki kilo zangu 20. Majani ya kiangazi hayatoi kama ya masika.

Mzee wangu naye amepima. Ng'ombe wake watatu wametoa kilo 41 kwa siku kwa wastani. Alinikabidhi karatasi jana pale kwenye kituo cha maziwa, imeandikwa vizuri sana kwa kalamu ya bluu, siku zote saba. Hakunisalimia, lakini aliniuliza steeliwaya inauzwa wapi.